Umepangiwa chuo Tabora? Soma hii kabla hujapanda basi

Kila mwaka majina yakitoka kuna mtu anafungua simu anaona Tabora, roho inamshuka. Alitaka Dar, alitaka Dodoma, Tabora aliijaza tu kwenye machaguo ya mwisho ili fomu ikubali, mfumo nao ukamtupa huko huko. Kama ndo wewe karibu sana, mimi nimesomea hapa kuanzia cheti mpaka digrii, na vyote kwenye vyuo ambavyo ukivitaja kijiweni Mwanza mtu anakuuliza "hicho nacho kipo?"

Cha kushika kabla ya vyote ni hiki, chuo kidogo hakuna kujificha. Mwalimu anakujua kwa jina, mhasibu anakujua, mama wa kantini anajua unadaiwa, mlinzi getini anajua juzi ulirudi saa ngapi. Kwenye chuo cha maelfu ya watu unaweza ukamaliza miaka mitatu hakuna lekchara hata mmoja anayeweza kusimulia habari zako, hapa wiki ya tatu tayari una sifa, nzuri au mbaya, na sifa hiyo ndo itakuandikia barua ya kuombea kazi au ndo itakunyima. Karibu kila nitakachosema kinaanzia hapo.

Kabla hujalipa hata mia

Hakikisha chuo kipo. Sisemi majengo, majengo yapo, nasema usajili. Digrii ziko chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cheti na diploma ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi (wazazi wengi bado wanasema NACTE, ni wale wale). Wote wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, kipo bure kwenye tovuti zao, kozi isipokuwemo humo usilipe hata kama jamaa wa ofisi ya udahili anakwambia usajili upo mbioni. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mpigo mmoja, na vyuo vingine vikafungiwa baadhi ya kozi tu, kwa hiyo usiishie kuangalia jina la chuo, angalia na kozi yako yenyewe.

Vyuo vya Tabora ni vya aina nyingi, usivitie kapu moja. Kuna AMUCTA ambacho ni chuo kikuu kishiriki chini ya SAUT, kile cha Mtakatifu Augustino, kuna Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wenyeji bado wanakiita Uhazili, kuna Chuo cha Ardhi cha mambo ya upimaji na ramani, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Ualimu, chuo cha reli, vya uuguzi, VETA, na kituo cha Chuo Kikuu Huria kwa wale wanaosoma huku wanafanya kazi. Vingine vidogo kwa sababu havina hela, vingine vidogo kwa sababu fani yenyewe ni ya watu wachache. Mtu anayetaka kusomea nyuki anatoka mkoa wowote ule anakuja Tabora, huyo hajakosa nafasi kwingine, kafuata kitu chake. Ujue wewe upo kundi gani maana matarajio yako yatategemea hapo.

Wale wa cheti na diploma hili mliandike ukutani siku ya kwanza: ukitaka kwenda digrii kwa njia ya diploma, kizingiti cha TCU ni GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ya 3.0 au wastani wa B, na vyuo vyenye ushindani wanapanda zaidi ya hapo. Watu wanakuja kulijua hili semista ya mwisho wakiwa na 2.7, hapo hakuna dawa, hesabu ya GPA inakula kuanzia mtihani wa mwanzo.

Safari na siku ya kuripoti

Kutoka Dar au Dodoma siku hizi lami inapita Manyoni na Itigi mpaka Tabora, wa Mwanza na Shinyanga wanaingilia Nzega, wa Mbeya wanapita Chunya na Sikonge, wa Kigoma wanapita Uvinza, Kaliua, Urambo. Treni ya zamani bado inafaa sana kwa mtu wa Kigoma au Mpanda mwenye mizigo, ila haiji kila siku kwa hiyo uliza ratiba stesheni wala usitegemee ya kuambiwa na mjomba. Na kama utafika usiku wa manane mwambie mtu mapema akupokee, au subiri stesheni au stendi kukuche, hakuna sababu ya kuzunguka na begi saa tisa usiku unatafuta hosteli usiyoijua.

Godoro, ndoo, jiko, vyote nunua huku huku. Usivyoweza kununua huku ni karatasi. Beba vyeti halisi, beba kopi za kutosha, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, risiti za malipo zilizochapishwa na sio picha kwenye simu. Bima ya NHIF ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, angalia fomu yako ya kujiunga inasemaje sasa maana mambo ya bima yanabadilika. Chandarua ni lazima. Sweta utacheka sasa hivi, tukutane mwezi wa sita alfajiri.

Jina. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha fomu foo, herufi kwa herufi, na majina yote matatu kwa mpangilio ule ule. Kama cheti kinasema Mwajuma usiandike Mwajuma alias Maua, kama cha kuzaliwa kinatofautiana na cha shule nenda kalishughulikie kabla hujaripoti. Jina likienda vibaya siku ya usajili linaenda vibaya kwenye mfumo wa chuo, kwenye bodi ya mikopo, kwenye bima na mwishoni kwenye cheti, na kulirudisha ni safari ya mawakili na viapo.

Siku ya kuripoti salimia watu. Najua inaonekana kitu kidogo lakini Tabora shikamoo bado ina kazi, dada wa masijala akikupenda siku ya kwanza faili lako halitapotea, na mzee mwenye nyumba ukimpa "mwangaluka" asubuhi hata kama lafudhi yako ni ya Tanga atacheka na utakuwa umeshapata babu mjini. Kama ni Mzaramo jiandae kutaniwa, usikasirike, rudisha.

Kupata geto

Hosteli za chuo zikiwepo mwaka wa kwanza chukua, hata kama mpo sita chumbani. Unapata watu, unapata taarifa, unajua mji. Mwaka wa pili ndo utoke.

Ukikosa hosteli, njia nzuri kuliko dalali ni vikundi vya dini na serikali ya wanafunzi. USCF, TMCS, TAMSYA na wengine wanapokea wageni wao kila mwaka na wanajua vyumba vinavyoachwa na waliomaliza. Dalali atataka kodi ya mwezi mzima kama ujira wake kwa kazi ya kukutembeza mitaa miwili.

Chumba chenyewe, kiwe Ipuli, Cheyo, Isevya, Ng'ambo au Kanyenye, usiangalie rangi ya ukuta. Uliza maji yanatoka siku gani na yakikatika mnachota wapi. Tabora maji yalikuwa shida ya miaka na miaka, mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria umesaidia sana lakini mtaa na mtaa hailingani. Uliza LUKU ni ya nani, kama mnachangia mita moja wapangaji watano na mmoja wenu ana friji na mwingine anakaanga chipsi kwa umeme basi ugomvi umeshalipia kodi. Tembea kutoka hapo mpaka chuoni saa mbili usiku, sio saa nne asubuhi, ndo utajua kama njia ina taa na watu. Na kodi wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, andikishaneni hata kwenye karatasi ya daftari, mweke sahihi wote wawili, kama mjumbe wa nyumba kumi yupo karibu naye aweke.

Halafu nunua baiskeli ya mtumba. Huu mji ni tambarare kabisa na watu wazima wenye heshima zao wanaendesha baiskeli, hakuna atakayekushangaa, na hela ya boda utakayookoa kwa semista moja utaishangaa mwenyewe. Kufuli mbili lakini.

Hela

Wenye mkopo, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku toka ilipopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500, na inakuja kwa awamu za kama miezi miwili miwili. Ikiingia ni laki sita hivi na siku hiyo mji mzima unajua, bei ya chipsi kuku inapanda, washikaji wanaongezeka. Toa kodi kwanza. Halafu siku hiyo hiyo nenda sokoni ununue mchele, unga, maharage, karanga na mafuta ya mwezi, ukirudi na gunia dogo kichwani hata bumu, hiyo hela ya mkopo, likichelewa una uhakika wa kula. Mchele wa Igunga na Nzega unashuka bei baada ya mavuno, embe kuanzia Novemba huko zinaliwa mpaka watu wanazikimbia, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na chai ya rangi na karanga ni mlo kamili wa kusomea usiku, mtu wa pwani atabisha mwezi wa kwanza tu.

Kusaini usicheleweshe. Fedha ya bodi haiingii mpaka uthibitishe kwa afisa mikopo wa chuo, siku hizi kwa alama za vidole, na kwenye chuo kidogo afisa mikopo ni mtu mmoja ambaye pia ni mwalimu na pia ni mlezi wa wanafunzi, akisafiri kasafiri. Mfahamu, jua siku zake, uwe na namba yake. Na ukumbuke ni mkopo, ukiajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka iishe. Wa diploma nao toka mwaka wa masomo 2023/24 bodi ilianza kutoa mikopo kwa fani kadhaa za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, uhandisi na kilimo, soma mwongozo wa mwaka wako usisubiri kusimuliwa.

Wasio na mkopo, na vyuo vidogo ndo wengi, wanaishi kwa michongo. Kusuka, kupiga pasi, uwakala wa fedha za simu, kuchapa na kuprinti kazi za watu. Asali inauzika sana ukienda likizo Dar au Arusha, mtu akisikia asali ya Tabora mate yanamtoka, ila nunua kwenye vikundi au kwa mtu anayejulikana sio kwa kijana wa stendi mwenye chupa za maji, maana sukari guru imechemshwa sana mji huu na ukimuuzia mama wa mtu feki hutamuuzia tena. Ada mwombe mhasibu ulipe kwa awamu, andika barua, usinyamaze. Mwanafunzi anayedaiwa na anaonekana ofisini anasaidiwa. Anayedaiwa na amepotea anakutana na jina lake kwenye tangazo la wasioruhusiwa kuingia mtihani.

Darasani, hapa ndo nakaa muda mrefu

Kwanza darasa lenyewe. Kozi nyingine mko thelathini, nyingine kumi na wawili. Usipokuja unaonekana hujaja, na vyuo vingi vinataka mahudhurio asilimia 75 ndo uingie UE, mtihani wa mwisho wa semista, kwa chuo kikubwa wenzio wanakusainia, hapa mwalimu anainua macho tu anahesabu. Uzuri wake ni kwamba ukiuliza swali unajibiwa wewe. Nenda ofisini. Nimeona watu wanamaliza mwaka hawajawahi kubisha hodi kwa mwalimu wanasema eti wanaogopa, na huyo mwalimu yupo peke yake anakunywa chai anatamani mtu wa kuongea naye somo lake. Peleka swali lililoandikwa, moja au mawili, usiende kusema "sijaelewa topiki yote".

Tatizo kubwa la vyuo hivi ni walimu wa kuazima, pati taimu. Mwalimu anatoka chuo kingine au ana kazi yake ya halmashauri, anakuja Ijumaa jioni anapiga masaa manne, Jumamosi masaa sita, anaondoka mnabaki mnatazamana. Ndo hali halisi na kulalamika hakumrudishi. Cha kufanya ni kumwomba mpangilio wa kozi siku ya kwanza, ule unaoonyesha topiki zote na vitabu, muusome kabla hajaja, akija mnamuuliza badala ya yeye kusoma slaidi. CR wenu, yaani mwakilishi wa darasa, awe mtu mwenye mdomo na adabu kwa pamoja, achaguliwe kwa hilo sio kwa sababu anavaa vizuri, maana CR ndo atampigia mwalimu simu, ndo atamkumbusha matokeo ya testi, ndo ataenda kwa mkuu wa idara kusema kwa upole kwamba wiki ya tano sasa hawajaona mtu. Malalamiko ya darasa yaende kwa barua yenye sahihi za watu wote. Mmoja akienda peke yake, chuo kidogo, jina lake linabaki.

CA, alama za ndani, sehemu nyingi ni 40 na UE ni 60. Mtu mwenye 30 kwenye 40 anaingia UE anapumua, mwenye 17 anaingia anatetemeka. Kwa hiyo asaimenti za mwanzo ambazo watu wanazidharau ndo za kukazania. Na tunza kila kitu. Asaimenti ulizopeleka piga picha, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, karatasi ya testi iliyosahihishwa iweke kwenye faili. Ofisi za chuo kidogo mara nyingi bado zina makaratasi na mtu mmoja anaingiza alama za idara nzima kwa mkono, makosa yanatokea bila ubaya wowote, sasa wewe ukiwa na karatasi yako mkononi inarekebishwa siku hiyo hiyo, ukiwa na maneno tu unapewa sapu, unarudia mtihani uliofaulu. CA zikibandikwa nenda kaangalie kabla ya UE kuanza, baada ya hapo ni mlolongo wa rufaa na ada yake.

Maktaba usiitegemee sana. Rafu zipo, vitabu ni vya zamani na kile kimoja kipya kinagombaniwa na darasa zima. Jazia nje. Google Scholar inatoa makala nyingi bure, wa sheria wana TanzLII yenye hukumu na sheria bila malipo, wa takwimu na maendeleo waingie tovuti ya NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, matokeo ya sensa ya 2022 yapo. Mjini kuna maktaba ya mkoa, kimya, meza nzuri, wanafunzi wa vyuo hawaijazi. Kama kuna rafiki yako anasoma kozi kama yako chuo kikubwa mwombe mpangilio wao wa masomo na mitihani ya nyuma, ufananishe na yenu. Utakuta mambo ambayo kwenu yamerukwa. Hayo yaliyorukwa jisomee, maana kwenye usaili wa kazi hawatakuuliza kama kwenu yalifundishwa.

Desa, yaani notsi na majibu ya kukopi, zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zitumie kujipima, usizile kama zilivyo. Mwalimu anayefundisha watu kumi na tano akikuta karatasi tatu zina sentensi ile ile iliyokosewa vile vile hahitaji mtambo wa kugundua.

Kingereza nacho. Wengi tumetoka shule za kata, prezentesheni ya kwanza miguu inaisha nguvu. Uzuri wa darasa dogo zamu inakufikia mara nyingi, kwa chuo kikubwa ungejificha nyuma ya kundi la watu kumi na tano ukasimama mara moja kusema "good morning" ukakaa. Jitolee wewe kuongea, utachekwa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu wale waliocheka ndo watakuomba uwasemee.

Makundi ya kusoma yawe ya watu wanne, watano mwisho. Zaidi ya hapo ni harusi.

Kujulikana kukigeuka

Siwezi kuandika mambo ya chuo kidogo nikaliruka hili. Mwalimu anajua jina lako, ana namba yako, na kuna mwalimu atakuandikia saa tano usiku kwamba CA yako ina shida uje muiongelee, na sehemu anayotaja sio ofisini. Hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu cha 25 kinachosema hivyo wazi. Usifute meseji hata moja. Usiende. Mjibu kwa maandishi kwamba utakuja ofisini kesho saa za kazi, na uende na mwenzio. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, ili kuwe na shahidi wa tarehe. Vyuo vina dawati la jinsia, na kama dawati lenyewe amekaa rafiki yake, na kwenye chuo kidogo inawezekana kabisa, basi TAKUKURU wanapigiwa bure 113 na wana ofisi mjini. Wadada wengi wanaogopa kwa sababu chuo kizima kitajua. Ndiyo, kitajua, ila naye atajulikana, na hao huwa wanaacha wakishaona mtu ana karatasi. Wakaka nao wasijitoe, kuna kuombwa hela ya kupandishiwa alama na hiyo nayo ni rushwa, namba ni ile ile.

Umbea wa kawaida, nani yupo na nani, nani kadisko (kafukuzwa kwa kufeli), huo utauzoea.

Fildi na utafiti

Fildi ni yale mafunzo ya vitendo ofisini, na hapa ndo wa Tabora tunawapiga bao watu wa miji mikubwa, kama ukiamka mapema. Dar ofisi moja inapokea barua za vyuo ishirini. Huku kuna manispaa, kuna halmashauri za Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga, kuna hospitali ya Kitete, mamlaka ya maji, TRC ya reli, TFS ya misitu, vyama vya msingi vya tumbaku, na wanafunzi sio wengi. Peleka barua miezi miwili mitatu kabla, mkononi, uvae vizuri, uombe kugongewa muhuri kwenye kopi yako. Ukikubaliwa usiwe wa kutumwa vitafunwa tu, omba kazi yenye jina, hata kama ni kupanga mafaili ya masijala yote, maana ndo itakayoandikwa kwenye ripoti na ndo bosi atakukumbuka nayo. Wengi niliosoma nao kazi ya kwanza walipata pale pale walipofanya fildi, sio kwa tangazo.

Wilayani maisha ni rahisi kuliko mjini, hasa wa ualimu mkipangiwa shule za ndani huko Kaliua au Sikonge msilie, shule inaweza ikakupa chumba na wazazi wanaleta kuku. Chukua tochi na bando la kutosha, mtandao unakamatia kwenye kichuguu.

Utafiti wa mwaka wa mwisho chagua kitu kilichopo hapa. Watu wanang'ang'ania mada kubwa kubwa za benki na utendaji wa watumishi zilizoandikwa mara elfu, na nje ya dirisha kuna tumbaku na ukataji wa miti ya kukaushia, kuna asali ambayo inatoka kwenye ndoo bila nembo, kuna reli ya SGR inayojengwa, kuna baiskeli na boda zinazobeba uchumi wa mji. Data unaipata kwa nauli ndogo. Utaratibu ni barua ya utambulisho kutoka chuoni, inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, yeye anakupa barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata, na mtendaji wa kata anakushusha mtaani au kijijini. Usiruke ngazi, kijijini ukionekana na dodoso bila mtendaji kujua utaulizwa maswali wewe. Nenda kabla ya mvua kukolea, kuanzia Desemba njia nyingine hazipitiki, na msimu wa kilimo hutamkuta mtu nyumbani mchana, nenda jioni, kaa kwenye mkeka, pokea ulichopewa, ndo uulize.

Msimamizi wako wa utafiti mpe sura moja moja, usimbwagie kurasa sitini wiki ya mwisho. Na kila mkikutana andika alichosema, umtumie ujumbe "mwalimu, leo tumekubaliana hivi na hivi", kwa sababu akibadilika au akiondoka chuoni, na wanaondoka sana hawa wakipata chuo kikubwa, msimamizi mpya anaanzia hapo badala ya kukurudisha sura ya kwanza.

Siku ya kuondoka

Fomu ya klirensi izungushe kabla hujaondoka Tabora, maktaba, uhasibu, hosteli, michezo, wote. Kitabu kimoja usichorudisha kinashikilia cheti. Omba walimu wawili wakubali kuwa wadhamini wako na uchukue namba zao binafsi na barua pepe zao binafsi, sio za chuo. Wale wa mkopo mkimaliza mna miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha kama hamjaajiriwa, sasa weka namba yako ya simu sahihi kwenye akaunti ya bodi maana wanaobadilisha laini ndo wanashtukia muda umepita na bodi inawatafuta. Transkripti ikitoka soma pale pale dirishani, jina, namba ya usajili, kila kozi na alama yake, mbele ya yule dada wa masijala uliyemsalimia mwaka wa kwanza, kosa likionekana anachukua kalamu analianzisha siku hiyo. Cheti chenyewe kifuate mwenyewe hata kama ni nauli ya Dar kwenda na kurudi, usimpe kondakta akubebee kwenye bahasha.